Utepe wa rangi tatu: historia fupi ya kipimo kisichohitaji chaji

Kila nikiandika hapa kuhusu vifaa vya kupima afya, saa zinazohesabu mapigo ya moyo au mizani zinazotuma uzito wako kwenye simu, hakosi msomaji wa kuniuliza: sasa hivyo vitu vitamfaa nani kule kwetu? Swali ni la haki. Basi leo tuyaache maduka ya Nairobi, twende Kulamawe.

Kulamawe iko kaunti ya Isiolo, upande wa Garba Tula, kama kilomita 77 kutoka mji wa Isiolo ukishika barabara ya Modogashe. Wenyeji wengi ni Waborana, wafugaji. Mvua ikikosekana, sehemu kubwa ya mifugo hupelekwa mbali kwenye kambi za fora, na maziwa huondoka pamoja nayo. Wa kwanza kuumia ni mtoto mdogo aliyebaki nyumbani. Kwa hiyo anayetaka kujua chombo gani cha kupima afya kina maana mahali kama hapo, aanze na mtoto wa miaka miwili, si na mtu mzima anayekimbia asubuhi kupunguza kitambi.

Chombo cha mtoto huyo kipo. Ni utepe mwembamba unaozungushwa kwenye mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Wauguzi huuita MUAC. Una rangi tatu: kijani ni sentimita 12.5 au zaidi, njano ni kati ya 11.5 na 12.5, na nyekundu ni chini ya 11.5, yaani utapiamlo mkali. Hauna betri, hauna skrini, hauna neno la siri. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nakiri sijaona kiolesura kilicho rahisi kuliko hiki.

Historia yake inapita karibu na kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari wa watoto Derrick Jelliffe alikuwa akifundisha Makerere, Kampala. Mwaka 1966 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu namna ya kupima hali ya lishe ya jamii nzima, na mzunguko wa mkono ulikuwa mmoja wa vipimo alivyovieleza. Uzuri wa mkono ni huu: kati ya mwaka mmoja na mitano, unene wake kwa mtoto mwenye afya hubadilika kidogo sana, kwa sababu mafuta ya utotoni yanapungua huku misuli ikiongezeka. Maana yake huhitaji kujua tarehe ya kuzaliwa. Kwa lugha yetu sisi waandishi wa programu, sehemu moja ya fomu imefutwa, tena ile ngumu kujaza katika familia inayohama.

Vita vya Biafra nchini Nigeria, 1967 hadi 1970, vilikilazimisha kipimo hiki kukua haraka. Wahudumu wa Quaker walikuwa na maelfu ya watoto wa kuchagua kwa muda mfupi. Wakatengeneza fimbo ya kupimia urefu, lakini badala ya kuiandika sentimita za urefu wakaiandika vipimo vya mkono. Unapima mkono, unamsimamisha mtoto kando ya fimbo. Akiipita alama ya mkono wake, amekonda kuliko inavyotakiwa. Hesabu yote imeshafanywa na aliyeichora fimbo, mpimaji anaangalia tu. Mwaka 1974 Adnan Shakir, daktari wa Baghdad, na David Morley wa London wakaeleza katika jarida la The Lancet utepe wenye rangi za taa za barabarani. Hapo hata kusoma namba hakukuhitajika tena. Mipaka ya rangi ilibadilishwa baadaye, na ule wa 11.5 kwa utapiamlo mkali ulitolewa na WHO na UNICEF mwaka 2009.

Lakini kupima ni nusu ya kazi. Kwa miaka mingi mtoto mwenye rangi nyekundu alikuwa na jibu moja tu, kulazwa hospitalini kwa wiki kadhaa. Mama mwenye watoto wengine wanne na mbuzi wa kuchunga atakaa hospitali na nani? Mabadiliko yalikuja mwaka 1996, pale Mfaransa André Briend alipobuni pamoja na kampuni ya Nutriset uji mzito wa karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari na vitamini, uliofungwa kwenye pakiti, Plumpy'Nut. Hauhitaji maji wala kupikwa, na mtoto asiye na ugonjwa mwingine anatibiwa akiwa nyumbani. Utepe sasa ukapata mwenzake.

Kaskazini mwa Kenya utepe huu ulipewa kazi nyingine pia: kutabiri njaa. Mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na ukame, NDMA, iliyoanzishwa 2011, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kame, Isiolo ikiwemo. Ndani yake utakuta mvua, hali ya malisho, bei ya mbuzi, na vipimo vya mikono ya watoto. Yaani mkono wa mtoto wa kijijini ni kihisio kinachopeleka data hadi Nairobi.

Sasa hapa, ndugu msomaji, ndipo pananiuma. Ukame wa 2011 ulionekana mapema. Maonyo yalianza kutolewa Agosti 2010. Oxfam na Save the Children waliandika Januari 2012 kwamba msaada mkubwa ulikuja katikati ya 2011 tu, baada ya hali kuwa mbaya. Data ilifika, jibu likachelewa. Nasi tungali tunaamini kwamba tatizo la vijijini ni ukosefu wa data.

Linganisha na mfumo uliojaribiwa Nairobi na Kajiado kati ya 2007 na 2009, unaoitwa WelTel. Wagonjwa waliokuwa wameanza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi walitumiwa SMS moja kila wiki: "Mambo?" Walijibu "Sawa" au "Shida". Aliyesema shida, au aliyekaa kimya kwa saa 48, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Basi, hakuna kingine. Matokeo yalitoka kwenye The Lancet mwaka 2010: waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kati ya waliotumiwa ujumbe, dhidi ya asilimia 50 ya wengine. Teknolojia ilikuwa SMS ya kawaida. Kilichofanya kazi ni mtu aliyekuwa tayari kupiga simu.

Na utepe nao umeendelea kusogea karibu na mwenye mtoto. Huko Niger akina mama walifundishwa kupima wenyewe, na ikaonekana wanapima vizuri kama wahudumu wa afya, na watoto wao wanafikishwa kliniki kabla hawajadhoofika sana. Kwetu, Septemba 2023 serikali ilizindua vifaa vya wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000: mashine ya presha, kipima sukari, kipima joto, mizani, utepe wa MUAC, na simu. Programu iliyo kwenye simu hizo imejengwa juu ya msimbo huria wa Medic, na inafanya kazi bila mtandao, kisha inatuma data mtandao ukipatikana. Huo ni uhandisi unaojua njia ya Kulamawe.

Mtandao wenyewe uko njiani. Barabara ya Isiolo hadi Mandera, kama kilomita 740, ilipata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2020, na mpango wake una waya wa faiba kando ya lami. Kulamawe iko kwenye kipande cha kwanza. Najua vijana watakuja na programu za kupiga picha mkono na kukisia kipimo. Siwakatazi. Ila kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo, waulize: rangi ikiwa nyekundu, pakiti zipo zahanati? Nani atazipeleka mpaka fora? Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na chakula hiki cha tiba ni moja ya vitu vilivyoyumba. Utepe utaendelea kusema kweli hata stoo ikiwa tupu.

Ndiyo maana nikiletewa mfumo wa kufuatilia afya niutazame, siku hizi naanza na safu moja ya jedwali: jina la mtu atakayejibu, na ndani ya saa ngapi. Safu hiyo ikiwa haipo, nauliza kwanza itawekwa lini.