Herufi Nene Inayochekea Watu

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumze juu ya jambo tunaloliona kila siku bila kulitazama: sura ya herufi. Kabla hujalisoma neno, sura ya herufi zake imekwisha kukupa habari.

Chukua herufi iitwayo Cooper Black. Pengine jina hulijui, lakini sura unaijua: nene, nyeusi, imeumuka kama andazi. Hata vile vijiguu inavyosimamia havina ncha, vimeviringana. O yake imeegemea nyuma kidogo, kama mzee aliyeshiba.

Aliyeichora ni Oswald Cooper, Mmarekani aliyezaliwa Ohio mwaka 1879 na kufanya kazi ya kuchora matangazo mjini Chicago. Mwaka 1922 kiwanda cha Barnhart Brothers & Spindler cha mjini humo kiliitoa ikiwa ya risasi, tayari kwa kupigia chapa. Wapiga chapa wenye kushika ya kale waliguna. Wenye biashara waliigombania. Cooper mwenyewe alitania kwamba herufi yake ni ya wapiga chapa wanaoona mbali, wenye wateja wasioona mbali.

Alifariki mwaka 1940, asione makubwa yaliyofuata. Katika miaka ya 1960 zilienea karatasi za herufi za kubandika kwa kusugua. Mtu mwenye meza na rula akaweza kutengeneza tangazo bila sanduku la risasi. Mwaka 1966 herufi hii ilitokea kwenye jalada la santuri ya Beach Boys, Pet Sounds. Miaka ya 1970 ikajaa vifuani mwa watu, kwenye fulana. Shirika la ndege la easyJet, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1995, nalo likaandikia jina lake kwa herufi hiyo, kwa rangi ya machungwa.

Siri yake ni nini? Naona ni hii: inapaza sauti bila kufoka. Herufi nene yenye ncha huamrisha, hii hukaribisha.

Na hapo ndipo penye hatari. Mimi mwenyewe niliwahi kutia saini karatasi ya mkopo. Juu paliandikwa KARIBU kwa herufi za jamii hii, nene, za duara, zinacheka. Chini, masharti ya riba yalikuwa madogo kama sisimizi. Nilisoma ya juu, nikalipa ya chini, miaka miwili mizima.

Simlaumu Cooper. Yeye alitengeneza sauti tu. Maneno ni ya mwenye kuitumia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kikijitembeza huvaa vizuri kwanza.

Basi, ndugu yangu, ukiona maneno makubwa yanakuchekea, yachekee nawe, ni haki yako. Kisha vaa miwani, ushuke taratibu mpaka mstari wa mwisho, ndipo uombe kalamu.

Hadi juma lijalo, kwaheri.