Kivumbasi: jina moja, mafuta yasiyofanana

Kanyosha, kusini mwa mji wa Bujumbura, ni mahali ambapo nyumba za mjini hukutana na miteremko ya Mirwa. Katika maeneo kama hayo, kando ya njia na kwenye mipaka ya mashamba, humea vichaka ambavyo Warundi huviita umwenya na Waswahili huviita kivumbasi. Majani yake hufikichwa na kunuswa mtu apatwapo na mafua, hufukizwa kwa ajili ya kikohozi, na huchomwa jioni ili kufukuza mbu.

Hata hivyo, jina kivumbasi hubeba zaidi ya mmea mmoja. Mimea hiyo ni ya jenasi ya Ocimum, yaani ndugu wa mrehani wa bustanini. Majani yake hufanana, lakini mafuta ya harufu yaliyomo ndani yake hutofautiana sana.

Ili kuyachunguza, wataalamu huchemsha majani, huupoza mvuke na kuyakusanya mafuta yanayojitenga na maji. Kisha mtambo wa kromatografia ya gesi hutenganisha viambato kimoja baada ya kingine na kupima kiasi cha kila kimoja.

Katika miaka ya 1980, uchunguzi wa aina hiyo ulifanywa katika nchi jirani ya Rwanda. Katika Ocimum canum, kiambato kikuu kilikuwa linaloli, ambayo pia hupatikana katika lavenda. Ocimum trichodon ilikuwa na yujenoli kwa wingi, ile ile inayoipa karafuu ya Unguja na Pemba ukali wake. Ocimum gratissimum ilitoa timoli, kiambato kinachoua vijidudu na kutumiwa katika dawa za kusukutulia kinywa. Katika Ocimum kilimandscharicum ilitawala sineoli, inayonukia katika majani ya mkaratusi.

Tofauti haziishii hapo. Nchini Kenya, karibu na msitu wa Kakamega, wakulima wa kikundi cha Muliru hulima hiyo hiyo Ocimum kilimandscharicum, lakini mafuta yake yana kafuri nyingi. Kutokana nayo hutengenezwa dawa ya kuchua iitwayo Naturub, na kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2010. Hivyo hata mimea ya spishi moja yaweza kutoa mafuta tofauti, kwa sababu ya nasaba yake, udongo, mwinuko wa ardhi na wakati wa kuvunwa.

Jambo hili lina uzito kwa afya ya jamii. Kafuri ikimezwa na mtoto mdogo yaweza kumletea degedege katika muda mfupi. Yujenoli ikizidi hudhuru ini. Mafuta yaliyokamuliwa yana nguvu nyingi kuliko majani machache yaliyofikichwa, na anayenunua chupa isiyo na maelezo hana njia ya kujua kilichomo kwa kunusa tu.

Kuhusu mbu, harufu ya kivumbasi huwafukuza kwa muda, kisha hupungua kadiri mafuta yanavyopotea hewani. Nchini Burundi, ambako malaria bado ni miongoni mwa maradhi yanayowapeleka watu wengi hospitalini, moshi wa majani haya hauwezi kuchukua nafasi ya chandarua chenye dawa, wala mtoto mwenye homa hapaswi kucheleweshwa kupimwa.