Saa Sita Usiku mjini Chicago: Hofu katika Michezo ya Redio ya Marekani

Bibi yangu, kijijini karibu na Fort Portal, hakukubali kutusimulia hadithi za mazimwi mchana. Alingoja giza liingie, akazima koroboi ili mafuta yasiishe bure, ndipo akaanza. Nilimkumbuka niliposoma habari za Lights Out, yaani "Zimeni Taa", kipindi cha redio kilichoanza Januari 1934 katika kituo cha WENR mjini Chicago.

Mwasisi wake, Wyllis Cooper, alikiweka saa sita usiku. Saa hiyo watoto walitarajiwa kuwa wamelala, vituo vingi vilipiga muziki wa dansi, na hakukuwa na mfanyabiashara aliyelipia kipindi ambaye angemtaka mwandishi apunguze makali. Mwanzoni kilichukua dakika 15 tu, baadaye nusu saa. Januari 1935 kilisimamishwa ili Cooper apunguziwe kazi, lakini wasikilizaji walilalamika mno, kikarudishwa baada ya wiki chache. Mwaka huohuo kikaanza kurushwa na mtandao wa NBC.

Wengi wakitajiwa redio na hofu hukimbilia War of the Worlds, mchezo wa Orson Welles wa tarehe 30 Oktoba 1938, na hadithi ya watu waliokimbia nyumba zao. Watafiti wa miaka ya karibuni wameonyesha kwamba magazeti yaliitia chumvi nyingi hadithi hiyo. Mimi inanivutia zaidi hofu ya mtu anayejua fika kwamba anasikiliza mchezo, na bado anaogopa kunyanyuka kwenda kufunga dirisha.

Hofu hiyo ilitengenezwa kwa vitu vya jikoni. Kichwa kilipokatwa, fundi wa sauti alipasua kabichi. Mtu alipouawa kwenye kiti cha umeme, nyama ya nguruwe ilikaangwa karibu na kipaza sauti. Mifupa iliyovunjika ilikuwa mbavu za buchani. Mchezo ulirushwa moja kwa moja, kwa hiyo fundi aliyekosea hakuwa na nafasi ya kurudia. Msikilizaji gizani hakuiona kabichi, na kile kichwa alijitengenezea mwenyewe. Nilijaribu bwenini, kwa kabichi tuliyonunua kwa ajili ya chakula cha jioni, mwenzangu akiwa amefumba macho. Aliniomba nisirudie.

Ugumu kwa anayeandika historia hii ni kwamba rekodi za enzi ya Cooper karibu zote hazipo. Tunategemea miswada, magazeti na kumbukumbu za waliohusika.

Mwaka 1936 Cooper aliondoka kwenda Hollywood, na nafasi yake ikachukuliwa na Arch Oboler. Mchezo wa kwanza wa Oboler katika kipindi hicho, Burial Services, ulihusu msichana aliyepooza ambaye anazikwa akiwa hai. Anasikia kila kitu lakini hawezi kusema neno, na hakuna anayekuja kumwokoa. Barua za malalamiko zikamiminika. Baadaye Oboler alisema zilizidi 50,000. Idadi hiyo ni ya kwake, nami siwezi kuithibitisha. Maelezo yake ya sababu, hata hivyo, nayaamini: kati ya wasikilizaji walikuwamo maelfu waliowahi kuzika mtu wao, na mfuniko wa jeneza ulipofungwa redioni, walianza kujiuliza kama naye alikuwa amekufa kweli.

Mwaka uliofuata Oboler alitoa Chicken Heart. Wazo lilitokana na kazi ya Alexis Carrel, ambaye tangu 1912 alikuwa akitunza kipande cha moyo wa kifaranga kikiwa hai katika maabara mjini New York. Katika mchezo moyo unakua, unajaza maabara, unajaza mji, na hatimaye unaimeza dunia, huku sauti ya mapigo yake ikizidi kupanda. Mwisho wake ni mbaya kuliko wa yule msichana, kwa kuwa hapa hafi mtu mmoja, wanakufa wote. Hata hivyo Wamarekani waliukumbuka kwa furaha miaka mingi baadaye. Nadhani ni kwa sababu hakuna aliyewahi kufiwa kwa sababu ya moyo wa kuku.

Nilisoma habari za Burial Services wiki chache baada ya kumzika babu. Usiku ule sikulala vizuri, ingawa mchezo wenyewe sikuusikia, niliusoma tu. Niliporudi kijijini likizo, wadogo zangu walimwomba bibi hadithi ya zimwi. Alikataa. Akawasimulia ya sungura na fisi, na koroboi akaiacha ikiwaka.