Benaco, 1994–1996: Mji Usioruhusiwa Kudumu Wilayani Ngara

Mwaka 1938 Louis Wirth aliubainisha mji kwa vigezo vitatu: wingi wa watu, msongamano wao na tofauti zao. Kambi ya Benaco, wilayani Ngara, ilitimiza vigezo hivyo pasipo kuwa mji uwezao kudumu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo. Wakulima, wafanyabiashara na watumishi wa serikali walijikuta bega kwa bega, na masoko yakachipuka. Familia zilipangwa kwa kufuata komuni zilikotoka, utaratibu uliorahisisha ugawaji wa chakula lakini ukaimarisha mamlaka ya viongozi wa zamani, wakiwemo watuhumiwa wa mauaji ya kimbari. Kuni zilikatwa katika misitu ya vijiji jirani. Mnamo Desemba 1996 Serikali ya Tanzania iliwarejesha wakimbizi hao Rwanda. Wanavijiji wakabaki na vilima vilivyopungukiwa miti. Kwa hiyo, nadharia ya usimamizi endelevu wa miji haina budi kuongeza kigezo cha nne: nani ana haki ya kubaki, na nani hubeba gharama wengine wakiisha kuondoka.