Wakati Ujao wa Kiingereza katika Madarasa ya Rebero

Kilima cha Rebero, kilichoko wilaya ya Kicukiro kusini mwa jiji la Kigali, kilishikwa mwaka 1994 na wapiganaji wa RPF, kundi la waasi lililotwaa madaraka mwaka huo; wengi wa wapiganaji hao, wakiwa watoto wa wakimbizi walioihama Rwanda tangu 1959, walikuwa wamesomea Uganda kwa Kiingereza. Lugha hiyo ikapewa hadhi rasmi mwaka 1996 pamoja na Kinyarwanda na Kifaransa, na Oktoba 2008 serikali ikaamua kwamba ndiyo itakayotumika kufundishia shuleni, hata walimu waliosomea Kifaransa wakalazimika kueleza hesabu na sayansi kwa lugha ambayo wao wenyewe ndio kwanza walikuwa wakijifunza.

Mtihani mmojawapo ulikuwa njeo ya wakati ujao, yaani umbo la kitenzi linaloonyesha kuwa tendo bado halijatendeka. Kinyarwanda hupima umbali: mofimu -za-, kama katika nzakora (nitafanya kazi), huhusu tendo la kuanzia kesho na kuendelea, ilhali tendo la baadaye leo hii lina umbo lake, na kwa kuwa neno ejo ni jana na ni kesho pia, kitenzi ndicho kinachoamua siku inayokusudiwa. Kiingereza hakina habari na umbali huo, bali huangalia msimamo wa msemaji: will ni ya utabiri au uamuzi wa papo hapo, going to ni ya nia iliyokwisha kuwekwa, na umbo la tendo linaloendelea hubeba miadi iliyopangwa.

Kifaransa nacho kilitega mtego wake. Katika kishazi tegemezi cha wakati, yaani sehemu ya sentensi isiyojitosheleza, hutumia njeo ijayo, kama Kiswahili kisemavyo "nitakapofika", lakini Kiingereza hutaka njeo iliyopo, when I arrive. Anayesema when I will arrive huitwa mzembe, na si haki, kwani ameifuata sarufi aliyofunzwa mwanzo.

Waingereza wenyewe hawakukubaliana daima. John Wallis, katika sarufi yake ya 1653 iliyoandikwa kwa Kilatini, alielekeza kwamba nafsi ya kwanza (mimi na sisi) itabiri kwa shall na iahidi kwa will, nafsi nyingine zikifanya kinyume. Shule zikaikariri kanuni hiyo kwa karne kadhaa, ingawa Waskoti na Waayalandi hawakuijali sana, na kufikia 2008 ilikuwa imekwisha kufifia, nafuu ndogo kwa walimu wa Rwanda. Mwaka 2011 Kinyarwanda kilirudishwa kufundishia miaka mitatu ya mwanzo ya shule ya msingi, kisha mwishoni mwa 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kianze tena darasa la kwanza.