Salamu katika Nyaraka za Waswahili

Wazee wa pwani husema, barua ni nusu ya kuonana. Kwa methali hiyo twaweza kupima tofauti iliyopo baina ya waraka wa serikali na waraka wa ndugu, jambo linalowatatiza sana wanafunzi wetu.

Desturi ya kuandikiana ni ya kale. Nyaraka zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu zimehifadhiwa hata leo huko Goa, katika Bara Hindi. Tena mwaka 1892 mwalimu Carl Büttner wa Berlin alitoa kitabu cha maandishi ya Waswahili kwa herufi hizo hizo, na barua zimo ndani yake.

Katika barua za namna hiyo twaona mpango mmoja. Kwanza huja maneno *ila jenabi*, yaani kwa mheshimiwa. Kisha sifa za anayeandikiwa, jina lake na la baba yake, pamoja na dua. Ndipo mwandishi hueleza hali yake na kuuliza ya mwenziwe. Baada ya hayo huandikwa *wa baadu*, ndilo lango la kuingilia neno lenyewe. Mwisho ni salamu kwa jamaa na jina la mwandishi.

Liwali na ndugu wote wawili waliandikiwa kwa mpango huo. Tofauti ilikuwa katika kipimo: liwali alizidishiwa sifa, ndugu alipunguziwa sifa, akaongezewa habari za nyumbani, za mazao na za wagonjwa. Lakini salamu ilikuwa haki ya wote.

Waraka wa ofisi tunaoufundisha una asili nyingine. Ulikuja pamoja na serikali za Wazungu na makarani wao: anwani mbili, tarehe, namba ya kumbukumbu, kichwa cha habari, kisha neno lenyewe. Ukavu wake si ufidhuli. Barua hiyo haiandikiwi mtu bali cheo. Hutiwa katika jalada, na atakayeisoma baada ya miaka kumi hana haja ya kujua kama mwandishi aliamka salama.

Lakini hapa pana hatari. Kijana aliyefundishwa kwamba barua rasmi haina salamu humwita mzee wa kijiji kwa maneno haya: "Yahusu: Kuhudhuria Mkutano wa Shule." Mzee husomewa mbele ya watu, akajiona ameitwa kama mshtakiwa. Sarufi ni safi, ila mwandishi ameingia nyumba ya mtu bila hodi. Na barua pepe imezidisha mashaka, maana kwa chombo kimoja mtu humwandikia mkurugenzi na rafiki yake katika saa ile ile.

Basi twawashauri walimu wasifundishe mahali pa anwani tu. Kwanza mwanafunzi ajiulize: Je, naandikia cheo, au mtu? Akiandikia cheo, aseme haja yake upesi. Akimwandikia mtu, hata akiwa mwenye cheo, amjulie hali kwanza kwa mstari mmoja.