Marejeo ni Ngamani: Taka za Fukwe za Nyasa

Wahenga wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni sehemu ya chini ya chombo, ambako hukusanyika maji yote yavujayo, nayo hayatoki ila kwa kufuliwa. Methali hiyo ilizaliwa kwenye maji ya chumvi, lakini inalifaa sana Ziwa Nyasa, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 na mlango mmoja tu wa kutokea: Mto Shire, ulio mbali kusini.

Katika karne ya 19, majahazi ya Jumbe wa Nkhotakota yalivuka ziwa hilo kwenda mashariki yakiwa na pembe na mateka, ambao safari yao iliishia Kilwa na visiwani. Nguo na shanga zilifuata njia hiyohiyo zikielekea bara. Nguo ilioza, ubao ukawa kuni, shanga ikaokotwa. Hata chuma hakikuachwa. Meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, iliyoshambuliwa na Gwendolen ya Waingereza tarehe 13 Agosti 1914 huko Liuli, iliyoitwa wakati huo Sphinxhafen, ilitengenezwa baadaye ikasafiri tena kwa jina la King George V.

Mwaka 1915 mlango wenyewe ukafunga. Maji yalikuwa yameshuka, mchanga na matete vikaziba mwanzo wa Shire, na kwa miaka ishirini hivi ziwa halikutoa maji. Kabla mlango haujafunguka, mwaka 1933, wanakemia wa Northwich, Uingereza, walikuta kwa bahati nasibu kitu cheupe kama nta, ambacho ndicho asili ya mifuko ya plastiki. Hakuna aliyejua kwamba mambo hayo mawili yangekutana mchangani.

Leo yamekutana kwenye fukwe za chini ya Tingi, Mbamba Bay na Lituhi. Mvua za masika huteremsha taka kutoka milima ya Umatengo kupitia mito na makorongo. Kisha, kati ya Mei na Agosti, huvuma mwera, ndugu wa kusi wa pwani. Chupa tupu iliayo juu husukumwa na upepo. Mfuko uliozama nusu hufuata mkondo. Wimbi hupanda ufukweni likiwa limeinama upande, lakini hurudi moja kwa moja; kwa hiyo kila kitu husogea pwanipwani kwa mwendo wa kombokombo, hadi kikwame kwenye ghuba, nyuma ya mwamba au kinywani mwa mto.

Mtu wa Unguja au Lamu amezoea maji kujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Nyasa haina bamvua. Kina chake hupanda baada ya mvua, kikafikia kilele karibu na Mei, kisha hushuka polepole hadi mwisho wa mwaka, kikiacha mstari wa taka juu ya mchanga. Dhoruba huufukia, nyingine huufukua. Ufuo ulioonekana safi asubuhi huenda umeficha tu.

Tena, takribani asilimia 80 ya maji yanayolitoka ziwa hilo hupaa kuwa mvuke, wala hayapiti Shire. Mvuke haubebi plastiki. Maji huenda mbinguni, taka hubaki, zikivunjikavunjika hadi ukubwa wa punje, na samaki akazimeza.

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Tanzania Bara mwaka 2019. Sheria hizo zimepunguza kivujacho; hazikuondoa kilichokwisha kuingia. Ziwa ni la nchi tatu, Tanzania, Malawi na Msumbiji, na chupa haiulizwi pasi. Baharia ajua kwamba kuziba tundu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kushuka ngamani na kufua, na kwenye ziwa lisilo na maji kupwa, hakuna mwingine wa kuifanya ila wakazi wa fukwe zote tatu.